Kona ya Maswali: Grafaiti na Kauri za Viwandani, Safi Dhidi ya Nini?

Toka tuguse habari ya kaboni (hasa grafaiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli) na kauri (vitu vigumu vinavyoundwa kwa unga na kuchomwa tanuruni) zinazotumika viwandani maswali yamekuja mengi, mengine yanafanana kwa hiyo tumeyaunganisha. Yaliyohitaji maelezo marefu nimeyapa nafasi, mafupi nimeyajibu kwa ufupi.

Kaka mhariri habari za kazi. Mi niko idara ya manunuzi. Tulinunua grafaiti imeandikwa kabisa kaboni asilimia 99.9, tukampelekea mteja wetu anayekuza fuwele za silikoni, akairudisha yote anasema chafu. Hivi 99.9 inakuwaje chafu jamani? – Mnunuzi

Salama ndugu yangu. Mteja wako yuko sahihi wala hajakuonea. Ukisema 99.9 maana yake kuna 0.1 ambayo sio kaboni, na ukiibadilisha iwe kwa hesabu wanayotumia watu wa fani hii unapata sehemu 1,000 kwa milioni, yaani ndani ya tani moja ya grafaiti umebeba kilo nzima ya chuma, kalsiamu, silika, vanadiamu na wenzake. Anayekuza fuwele za silikoni, zile za chipu za kompyuta na paneli za sola, kwa kawaida anataka majivu yote, yaani uchafu unaobaki grafaiti ikiunguzwa, yasizidi sehemu 5 kwa milioni, gramu 5 kwenye tani. Kwa hiyo ulimpelekea mzigo mchafu mara mia mbili ya anachohitaji. Silikoni inayeyuka kwenye nyuzi 1,414 za Selsiasi na ndani ya lile tanuru grafaiti ndo hita, ndo inayokishika chungu cha kwatzi chenye silikoni, ndo iliyozunguka kila kitu, kwa hiyo chuma kidogo kilichojificha kwenye vitundu vyake kikishapata joto kinatoka kama mvuke na kwenda kukaa kwenye fuwele, na fuwele ikishaingia chuma umeme haupiti inavyotakiwa, kazi yote imeharibika.

Ila nataka uondoke na kitu kingine zaidi ya hiyo namba, kwasababu namba ya jumla inadanganya watu wengi sana. Swali la kumuuliza muuzaji sio "ni safi kiasi gani", muulize ni uchafu upi umebaki, halafu mteja wako umuulize ni uchafu upi unaomuumiza. Mfano mzuri kuliko yote ni elementi iitwayo boroni. Kwenye mtambo wa nyuklia grafaiti inawekwa ili ipunguze kasi ya nyutroni (chembe zinazopasua atomi) bila kuzimeza, kaboni yenyewe inameza kidogo mno, lakini atomi moja tu ya boroni inameza nyutroni sawa na atomi zaidi ya laki mbili za kaboni. Piga hesabu mwenyewe, boroni sehemu moja kwa milioni inaongeza umezaji kwa karibu robo! Mwanzoni mwa 1941 mwanafizikia Walther Bothe kule Ujerumani alipima grafaiti akapata inameza nyutroni kupita kiasi, wenzake wakaachana nayo wakaelekea kwenye maji mazito (yenye haidrojeni nzito) yafanye kazi hiyo, na sababu inayotajwa sana ni uchafu uliokuwa kwenye grafaiti yenyewe. Upande wa Marekani mwanafizikia Leo Szilard alishashuku boroni, akawabana watengenezaji mpaka wakatoa grafaiti iliyo safi zaidi, na tarehe 2 Desemba 1942 mtambo wa kwanza wa nyuklia, wa mwenzake Enrico Fermi, ukawaka pale Chicago ukiwa na grafaiti karibu tani 350. Watu walewale wa fizikia, madini yaleyale, kilichowatenganisha ni kitu ambacho kwenye cheti cha "asilimia 99.9" hata kisingeonekana.

Na ukipokea cheti angalia imepimwaje. Vyeti vingi wanapima metali kumi au ishirini hivi, wanajumlisha, wanatoa kwenye mia, wanachobaki nacho wanakiita usafi. Oksijeni, salfa, naitrojeni hazimo. Sio wizi, ndo utaratibu wa fani, lakini kama kazi yako inaumizwa na salfa basi ile karatasi haijakuambia chochote.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi mwaka wa pili. Naomba unieleze grafaiti ya kiwandani inatengenezwaje mwanzo mpaka mwisho, na kwanini wanasema inachukua miezi, kwani si kuchoma tu? – Mwanafunzi

Marahaba mwanangu. Kuchoma ndo kwenyewe, ila ni kuchoma kwa aina tatu nne tofauti na kila kimoja kina sababu yake, kaa tulizana.

Kwanza kabisa elewa kwamba kaboni haiyeyuki kwenye presha ya kawaida, ukiipandisha mpaka karibu nyuzi 3,600 inageuka mvuke moja kwa moja. Chuma unayeyusha unamimina kwenye kalibu, hapa hakuna kumimina, lazima ujenge umbo kutoka kwenye unga. Unga wenyewe mara nyingi ni koki ya petroli, ile mabaki mazito ya kiwanda cha kusafisha mafuta. Koki mbichi ina gesi nyingi ndani, kwa hiyo inachomwa kwanza kwenye nyuzi 1,300 hivi ili gesi itoke na inywee kabisa kabla hujaitumia, usipofanya hivyo itanywea ikiwa ndani ya kitu chako na kitapasuka. Halafu inasagwa, inachekechwa kwa saizi, inachanganywa na lami ya makaa ya mawe iliyopashwa mpaka ikalainika. Lami ndo gundi, na uzuri wake yenyewe pia ikichomwa inaacha kaboni.

Hapo unaunda umbo. Zile elektrodi kubwa (nguzo za kupitisha umeme) za matanuru ya chuma zinasukumwa kupitia tundu zinatoka kama nguzo, na grafaiti ya chembe ndogondogo ya kazi za silikoni inatiwa kwenye mfuko wa mpira na kubanwa na maji pande zote kwa presha kubwa sana ili ifanane kila upande, maana ile ya kusukumwa chembe zake zinalala upande mmoja, inapitisha joto na umeme vizuri kwa urefu kuliko kwa upana.

Sasa inakuja sehemu inayokula muda, uokaji wa kwanza. Umbo linafukiwa kwenye unga wa koki ili hewa isiguse na lisipinde, linapashwa taratibu mno, digrii chache kwa saa, mpaka nyuzi 800 au 1,000. Hapo lami inavunjika, sehemu yake kubwa inaondoka kama gesi na inayobaki inakuwa kaboni ngumu. Ukiharakisha, gesi inakosa njia ya kutokea na inapasua kitu kizima. Kipande kikubwa kinakaa wiki kadhaa humo, na kikitoka kimejaa vitundu kule lami ilikotoka, kwa hiyo kinawekwa kwenye vakyumu (chombo kilichotolewa hewa), kinanyweshwa lami nyingine kwa presha, kinarudi kuokwa tena. Kuna daraja za grafaiti zinarudia huo mzunguko mara mbili tatu. Sasa umeelewa miezi inatoka wapi.

Mpaka hapo bado sio grafaiti, ni kaboni ngumu tu, inakwaruza visu vya mashine na haipitishi joto vizuri. Ugrafaiti unakuja nyuzi 2,500 mpaka 3,000, umeme unapitishwa kwenye mzigo wenyewe mpaka uwake, na kwa joto hilo tabaka za atomi zilizokuwa shaghalabaghala zinajipanga na kulaliana kama karatasi za kitabu. Umeme unaoliwa ni kilowati-saa elfu tatu kwenda juu kwa kila tani, na tanuru la mtindo wa zamani linapoa kwa wiki mbili hivi kabla hujafungua. Kuna hatari moja watu wanaisahau: kama koki ilikuwa na salfa nyingi, inatoka kwa nguvu kwenye joto la nyuzi elfu moja mia sita hivi kwenda juu na kuvimbisha kipande, kinapasuka baada ya gharama zote hizo. Ndo maana nasisitiza kila siku kwamba usafi unaanza kwenye malighafi, tanuru halitibu kila kitu.

Mwisho ni kusafisha kwenyewe. Lile joto lenyewe tayari limefukuza uchafu mwingi. Kwa kilichobaki unaingiza gesi ya klorini kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, metali zinageuka kloridi ambazo ni mvuke na zinaondoka kupitia vitundu vilevile vya grafaiti. Boroni ni mbishi, klorini peke yake haimtoi vizuri, anahitaji gesi yenye florini. Na ukishasafisha hivyo usiguse tena kwa mikono mitupu, jasho lina chumvi na chumvi ni sodiamu, utakuwa umerudisha kwa kidole kile ulicholipia mamilioni kukitoa.

Mtaalamu, kama kaboni ni kaboni tu, kwanini mkaa wa miti tusiupandishe nyuzi 3,000 tukapata grafaiti kwa bei rahisi? – Mbunifu

Haitakuwa, hata ukiupandisha wiki nzima. Rosalind Franklin, yuleyule anayejulikana kwa picha za DNA, alichapisha mwaka 1951 utafiti unaoonyesha kaboni ziko za aina mbili, zile zinazojipanga kuwa grafaiti zikipashwa na zile ambazo hazijipangi hata kwenye nyuzi 3,000. Tofauti inawekwa mapema kabisa wakati wa kuungua kwa mara ya kwanza. Koki ya petroli na lami zinapitia hatua ya kuwa kimiminika, molekuli zinapata nafasi ya kulala sambamba, lakini mti hauyeyuki, unageuka kaboni ukiwa na umbo lake la nyuzinyuzi zilizofungamana na viungo vyake vinashikana kila upande, hakuna pa kugeukia. Ila usiudharau mkaa, vitundu vyake ni hazina ya kusafishia maji na gesi, na ile kaboni ya kioo inayotengenezwa kwa kuchoma polepole resini ya fenoli (aina ya plastiki) iko familia hiyohiyo isiyojipanga, haipitishi gesi kabisa na maabara zinaigombania.

Habari za kwako kaka. Tunatengeneza mirija ya alumina (oksidi ya alumini). Tatizo la kwanza inatoka na madoa meusi au ya kahawia, la pili kila mzigo una saizi yake, huu mrefu ule mfupi, na kalibu ni ileile. Tumebadilisha tanuru hakuna kilichobadilika. Tusaidie. – Fundi wa kauri

Fundi pole, na nakuambia mapema tanuru pengine halina kosa, tanuru linafichua tu yaliyofanyika kabla.

Tuanze na madoa. Ya kahawia fikiria chuma kwanza. Mnasagia unga kwenye kinu gani? Kama mipira ya kusagia ni ya chuma au kinu hakina bitana, kila saa ya kusaga mnaongeza chuma kwenye unga mliolipia usafi wake. Hamieni mipira ya alumina yenyewe ili ikilika iongeze kilekile, au zirkonia, kauri nyingine ngumu, ambayo inalika kidogo sana. Wekeni sumaku yenye nguvu kwenye njia ya tope la unga na maji, mtashangaa itakachonasa. Angalieni pia chekeche, bomba, hata kopo la kubebea, na mlango unaofunguliwa upande wanaokata vyuma kwa grainda, cheche zile zinaruka mbali sana.

Meusi mara nyingi ni kaboni. Gundi mnayochanganya kwenye unga inatakiwa iungue na kuondoka kati ya nyuzi 200 na 600, na hapo pawe na hewa ya kutosha na mpandisho wa taratibu hasa kwenye kuta nene. Mkipita mbio, sehemu ya nje inafunga wakati katikati bado kuna masalia, yanabaki ndani milele. Vunjeni mrija mmoja muangalie: kama weusi uko katikati ya ukuta na nje ni weupe, hiyo ni gundi. Kama ni nukta nukta zimetapakaa kila mahali, rudini kwenye chuma.

Saizi sasa. Alumina ikikomaa kwenye nyuzi 1,600 hivi inanywea asilimia 15 mpaka 20 kwa urefu, kwa hiyo kosa dogo mwanzoni linakuwa kubwa mwishoni. Chukua mrija mbichi wa milimita 120, ukinywea asilimia 17 unapata 99.6, ukinywea 16 unapata 100.8, umeshapoteza zaidi ya milimita nzima kwa tofauti ya asilimia moja tu. Kinachoamua utanywea kiasi gani ni jinsi unga ulivyoshikana ukiwa mbichi, na hiyo inaamuliwa na unyevu, presha, saizi ya chembe na mzigo wa unga wenyewe. Pimeni uzito na vipimo vya kila kipande kibichi kabla ya kuchoma na muandike daftarini pamoja na namba ya gunia. Najua ni kazi ya kuchosha lakini hakuna dawa nyingine, kiwanda kisichopima kibichi kinakisia tu.

Na gunia jipya likija msiamini kwamba ni sawa na la jana. Alumina ya kawaida inatokana na mchakato wa Bayer uliobuniwa miaka ya 1880, boksaiti (mwamba wenye alumini) inachemshwa kwenye soda kali kwa presha, kwa hiyo sodiamu inabaki humo kama kumbukumbu ya ilikopita. Sodiamu inaharibu uwezo wa kuzuia umeme na inabadilisha jinsi chembe zinavyokua. Wanaotaka tisa nne, yaani 99.99, mfano wa kukuzia fuwele za yakuti za kutengenezea taa za LED, wanaacha hiyo njia wanatumia nyingine kabisa, wengine wanayeyusha alumini kwenye alkoholi halafu wanaivunja kwa maji, sodiamu haipati pa kuingilia.

Nikuongezee kimoja kwasababu nakipenda sana. Miaka ya 1950 mwishoni mtafiti Robert Coble akiwa kampuni ya General Electric ya Marekani alikuta kwamba alumina iliyo safi ikiongezwa magnesia (oksidi ya magnesiamu) kidogo sana, chini ya asilimia moja, vitundu vyote vinatoka na kauri inapitisha mwanga, ndo ikatengenezwa mirija ya taa za sodiamu za barabarani. Yaani aliongeza "uchafu" akapata kitu bora. Kwa hiyo nikisema unga uwe safi simaanishi uwe mtupu, namaanisha kilichomo uwe umekiweka wewe na unajua kwanini.

Samahani mhariri, silikoni kabaidi ni kaboni au ni kauri? Mwalimu wetu anasema kauri, kitabu kimeiweka kwenye kaboni. – Mwanafunzi wa kemia

Mwalimu yuko sahihi, ni kauri, nusu ya atomi zake kaboni na nusu silikoni. Ila kitabu nacho nakielewa maana historia zao zimefungamana. Mwaka 1891 Edward Acheson wa Marekani alipitisha umeme kwenye mchanganyiko wa udongo na koki akitafuta almasi ya bandia, akapata fuwele ngumu zinazokwaruza kioo, akaziita carborundum. Mpaka leo njia ni ileile kwa sehemu kubwa: mchanga wa silika na koki vinarundikwa kuzunguka nguzo ya grafaiti, umeme unapita, joto linavuka nyuzi 2,000, inatoka silikoni kabaidi na monoksidi ya kaboni nyingi sana. Karibu na nguzo ndo fuwele safi, ukienda nje zinachafuka mpaka unakuta mchanga ambao haujaguswa, huo unarudishwa mzigo unaofuata. Ya kijani ni safi kuliko nyeusi, nyeusi ina alumini na mengineyo. Acheson baadaye akaona kwamba ukipitisha joto kupita kiasi silikoni inavukiza na kinachobaki ni grafaiti safi, akapata hati miliki ya kutengeneza grafaiti mwaka 1896. Umeona zilivyozaliwa nyumba moja.

Na hapa boroni anarudi. Silikoni kabaidi ni ngumu kushikamana ikichomwa, unga wake unagoma, mpaka miaka ya 1970 mtafiti Svante Prochazka alipoonyesha kwamba boroni kidogo pamoja na kaboni kidogo inaiwezesha kufunga kabisa bila kubanwa. Boroni yuleyule anayeua grafaiti ya nyuklia ndo anayeokoa kauri hii.

Kaka hita zetu za grafaiti zinaliwa zinakuwa nyembamba mpaka zinakatika, tunatumia agoni (gesi isiyounguza) na bado. Tatizo nini? – Fundi tanuru

Hewa inaingia mahali. Grafaiti kwenye hewa inaanza kuliwa kuanzia nyuzi 450 hivi, na watu wengi wanafungua tanuru likiwa bado la moto kuliko hapo kwasababu nje linaonekana limepoa. Subirini lishuke kabisa chini ya 300 kabla ya kufungua. Halafu kagueni unyevu, bitana iliyonyonya maji usiku inatoa mvuke na mvuke wa maji nao unakula kaboni, kwa hiyo anzeni kukausha taratibu chini ya vakyumu kabla ya kupandisha. Kama sehemu moja tu ndo inaliwa, tafuteni uvujaji karibu na hapo kwenye vizibio (sili) vya nguzo za umeme. Na mkinunua hita nyingine chukueni daraja iliyosafishwa, maana vanadiamu, chuma na sodiamu vinafanya kazi ya kichocheo, grafaiti chafu inaliwa haraka kuliko safi kwenye joto lilelile.

Dada anauliza: mume wangu anafanya kazi kiwanda cha elektrodi, anarudi nguo zinanuka lami, ngozi inamuwasha akikaa juani. Ni kawaida? – Mke mwenye wasiwasi

Dada yangu asante kwa kuuliza, na hapana, kisichukuliwe kama kawaida ya kazi. Mvuke wa lami ya makaa ya mawe unaifanya ngozi iungue kirahisi na jua, huo muwasho ni dalili inayojulikana, na kazi ya kukaa kwenye mvuke huo miaka mingi imethibitishwa kusababisha saratani. Aende kwa daktari na amwambie wazi anafanya kazi gani na lami, asiseme tu ngozi inawasha. Kazini ni haki yake kuwa na mfumo wa kuvuta mvuke pale wanapochanganya na kunyweshea lami, barakoa yenye kichujio cha mvuke wa kemikali maana ya vumbi peke yake haizuii mvuke, glavu, na sehemu ya kuoga. Nguo za kazi zifuliwe hukohuko kazini, zisije nyumbani zikachanganywa na za watoto. Mpaka hayo yatakapopatikana, avue nje, aoge kwa sabuni kabla ya kukaa na familia, na hizo nguo uzifue peke yake ukiwa umevaa glavu.

Wengine mnaofanya kauri, kwenu adui ni vumbi la silika, halionekani na madhara yake kwenye mapafu hayarudi nyuma, kwa hiyo msifagie kavu, lowesheni kwanza au tumieni mashine ya kunyonya yenye kichujio kizuri. Waliopo kwenye tanuru za koki na mchanga wekeni kipima monoksidi ya kaboni, ni gesi ya sumu na haina harufu. Na kwa wale wanaosafisha kinywe (grafaiti ya kuchimbwa) kwa asidi ya haidrofloriki, jeli ya kalsiamu glukoneti, dawa ya kupaka dhidi ya asidi hiyo, iwe mkononi kabla chupa haijafunguliwa, akimwagikiwa mtu aoshwe kwa maji mengi papo hapo, apakwe, na apelekwe hospitali hata kama anasema hasikii maumivu, kwasababu asidi hiyo inaweza kuchelewa kuuma huku tayari inaenda ndani.